Muziki wa Cherehani

Kaka yangu alinichagua mimi kwa sababu alisikia vibaya. Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka 2021, Sydney imefungwa kwa ajili ya Korona, na mitaa yetu ya magharibi imefungwa zaidi ya mingine. Serikali ikatangaza kwamba mtu anayeishi peke yake anaruhusiwa kuandikisha mgeni mmoja, huyo huyo siku zote, wa kumtembelea nyumbani. Mpango huo waliuita singles bubble. Kaka, ambaye ana santuri ndogo za disko zaidi ya mia mbili, zile tunazoziita singo, alisikia hilo neno la kwanza akanipigia simu kwa furaha.

"Mdogo wangu, hawa watu wana akili. Wameruhusu singo."

"Shikamoo kaka. Singo gani?"

"Marahaba. Singo za muziki! Mwenye singo zake anaandikisha mwenzake, wanakaa wanasikiliza. Hata mimi sikutegemea."

Nilimwacha afurahi dakika nzima, maana furaha kwake ilikuwa imeadimika. Kisha nikamweleza kwamba single inayosemwa ni yeye mwenyewe, mgane wa miaka sitini na mitatu, asiye na mtu ndani ila friji. Akasema basi niandikishwe mimi, kwa kuwa katika Merrylands, mtaa wetu mzima, hakuna mwingine anayejua kushika santuri bila kuitia vidole.

Nami nilihitajika kwelikweli. Korona ilimpata ghalani alikokuwa akifunga mizigo, ikamlaza hospitali wiki tatu, na aliporudi nyumbani wahudumu wa gari la wagonjwa walimpandisha kwenye kiti, wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Anakaa ghorofa ya pili, jengo halina lifti. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali, dada mmoja mwenye sauti ya upole, alituambia kwa simu ya video bila kuzungukazunguka: mwisho wa mwezi atamtazama kwa video hiyo hiyo akipanda ngazi zake zote ishirini na mbili, peke yake, bila kusimama kuvuta pumzi. Akishindwa, hawezi kuachwa akae huko juu. Atatafutiwa nafasi kwenye nyumba ya kulelea watu.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo. Nawaogesha wazee, nawalisha, nawapenda, lakini najua pia jinsi mtu anavyoingia mle na viatu vya kutokea, na baada ya mwezi anaulizwa viatu viko wapi, hakumbuki. Sikutaka kaka aende. Naye hakutaka, ila hakulisema. Alichosema ni kwamba huko hawatamruhusu aende na spika zake.

Ni lazima mumjue kidogo. Kaka ni kifungua mimba, mimi ni kitinda mimba, na kati yetu ni miaka kumi na miwili. Nilipoanza kupata akili Dar es Salaam, yeye alikuwa tayari ni mtu maarufu katika mitaa yetu, na umaarufu wenyewe ulikuwa wa bugi. Zamani tuliita hivyo kucheza muziki wa Kizungu, na mashindano ya bugi aliyashinda mpaka mama akakosa mahali pa kuweka vikombe. Alikuwa na suruali ya bugaluu iliyoweza kufagia uwanja, na viatu vya raizoni vilivyomfanya ainame akiingia mlangoni. Hatukuwa na sabuni nyumbani, miaka hiyo ya shida, lakini kitana cha afro kilikuwepo.

Disko kwake haikuwa muziki tu. Ilikuwa adabu. Alituambia kwamba katika disko ya kweli kuna watu arobaini wanafanya kazi kwa ajili yako: wa fidla, wa tarumbeta, wa besi, na mpiga dramu anayetoka jasho. Basi ulipoingia muziki mpya, ule wa mashine tupu, wa sauti kama mtu anaongea ndani ya ndoo, yeye na wenzake waliuona kama tusi. Wakauita muziki wa cherehani. Mama alikuwa fundi nguo, na kaka alikuwa akisema, "Kama nataka kusikia hayo nitakaa karibu na mama anaposhona, tena nitapata na suruali."

Sisi wadogo tuliupenda kupita kiasi. Lakini niseme ukweli, na nausema kwa kuwa mwenyewe hasomi ninayoandika: usiku nikilala, nyimbo zilizonijia kichwani ni zake, zile za fidla. Mchana nilicheza kama roboti, usiku nilikuwa na watu arobaini.

Turudi Merrylands. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimshusha taratibu, namshika kiuno, mpaka kwenye mlango wa chini. Tukaweka simu yangu mfukoni mwake ikipiga wimbo alioutaka yeye, maana mtaalamu alikuwa ameshauri apande kwa mdundo. "Steady, no rushing," aliniambia nimfasirie, nami nikamfasiria: mwendo mmoja, hamna haraka. Kaka akaniangalia kama vile nimemfundisha baba yetu kusali.

Alianza vizuri. Ngazi ya kwanza, ya pili, bega linayumba kidogo, tabasamu limekuja. Kisha fidla zikaingia, mpiga dramu akachangamka, na kaka naye akachangamka. Miguu yake iliujua wimbo kuliko mapafu yake. Kwenye ngazi ya tisa alikuwa ameng'ang'ania reli, midomo ya rangi ya majivu, na mimi nikiwa nyuma nimemkinga kwa mikono miwili huku naomba Mungu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne alifika ya kumi na moja, na nilipomketisha alikaa robo saa hawezi kusema.

Nikaanza kusikiliza nyimbo zenyewe jikoni kwangu, nikihesabu kwa kijiko, ndipo nikagundua kitu ambacho nadhani hata yeye hakuwahi kukisikia. Zinakimbia. Kidogo kidogo, kwa kuwa anayepiga ni binadamu, na binadamu akinogewa haendi pole. Cherehani hainogewi. Inaanza na kumaliza kwa mwendo ule ule, hata nyumba ikiungua.

Nilimwambia kesho yake. Nilitegemea aniambie hapana, lakini sikutegemea hotuba. Alisema amezika mke, amepita Korona, ameishi nchi ya watu miaka ishirini, na katika yote hayo hajawahi kuinuka kuucheza muziki wa cherehani, hawezi kuanza sasa tena kwenye ngazi, mbele za majirani.

"Majirani wapi, kaka? Watu wote wamejifungia."

"Ndiyo vibaya zaidi. Wanasikiliza."

Mzoea punda hapandi farasi, nikamwambia, ila punda wako ameishia ngazi ya kumi na moja. Hakucheka. Nikakasirika. Nilimwambia nimechoka kuogesha watu kazini kisha nije kubembeleza mtu mzima aliyegombana na ngoma. Nikaondoka, na siku mbili sikwenda. Nilijuta tangu mlangoni, lakini sisi wa nyumba ile kujuta tunakufanya kimyakimya.

Siku ya tatu alipiga simu yeye. "Njoo nao huo uchafu wako," alisema. "Lakini sauti iwe ndogo."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alipanda akiwa ameukunja uso kama anayekunywa mwarobaini, na mashine ikagonga, ikagonga, bila kumbembeleza. Alifika ya kumi na tatu. Kesho yake ya kumi na tano. Kila alipokaa kupumzika alikuwa na la kulalamika: huu wimbo hauna mwanzo, huu hauna mwisho, huyu anayeimba amefungiwa wapi. Lakini niliona vidole vyake pajani. Vilikuwa vinacheza.

"Kaka, unaujua huu wimbo."

"Naujua wapi?"

"Vidole vinajua."

Tulikuwa tumekaa ngazi ya kumi na saba, tumevaa barakoa, mimi ngazi moja chini yake. Akaanza kunisimulia jambo ambalo sikuhitaji kusimuliwa, kwa sababu nilikuwepo. Ilikuwa disko toto, disko la watoto la Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa hoteli, soda na keki, mwaka wa themanini na nne. Yeye alikwenda kumsaidia mpiga santuri. Wakaweka wimbo huo huo, wakati huo ni mpya, watoto wote wakakimbilia katikati, na yeye, bingwa, akaona aingie awaonyeshe. Akaingia. Akasubiri mpiga dramu apige ile ya kugeukia, kama alivyozoea, ndipo azunguke. Haikupigwa. Mashine haina ya kugeukia. Akazunguka kwa kuchelewa, akamkumba mtoto mwenye soda, akaanguka naye.

"Pakawa na mtoto akapiga kelele, 'Kaka amebugi!'" alisema. "Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo mtaani nikawa Amebugi. Neno langu mwenyewe, la ubingwa, likawa la kukosea."

Nina hakika hilo neno lilikuwepo kabla, na vijana wangelifikisha hapo lilipo leo hata bila sisi. Lakini uso ulinichoma. Miaka thelathini na saba nilikuwa nimeificha siri hiyo.

"Kaka, aliyepiga kelele ni mimi."

"Najua," akasema. "Sauti yako siijui?"

Nikaanza kuomba radhi, na yeye akapunga mkono kama anafukuza nzi. Alisema kilichomuuma si mimi. Baada ya siku ile aliazima kanda ya wimbo huo kwa baharia mmoja, akawa anajifunza nyuma ya nyumba wakati mama anashona ili sauti isisikike, cherehani kwa cherehani. Mwezi mzima. Akauweza. Akauweza vizuri sana, tena, alisema, kuna mahali fulani katikati pale ulimshika moyo kabisa.

"Sasa mbona hukurudi?"

"Ningerudije? Nilikuwa nimeshawaambia watu wote kwamba ni uchafu."

Nilicheka mpaka barakoa ikalowa. Naye alicheka, akakohoa, akacheka. Halafu nikalia kidogo, kwa sababu nilimwona alivyokuwa, kijana wa miaka ishirini na sita aliyejifunza kitu kizuri akakosa mahali pa kukionyesha.

Siku ya mtihani ilifika, saa nne asubuhi, jua la baridi limeingia mpaka kwenye ngazi ya chini. Kaka alivaa shati lililopigwa pasi. Mara tatu wiki ile alikuwa ameshafika juu bila kusimama, kila mara na cherehani mfukoni, nami nilikuwa na uhakika hata nimeoka keki. Simu yangu, iliyokuwa tayari inapiga muziki, ikalia, nikapokea, uso wa yule dada ukatokea, akasalimia. Na muziki ukazima.

Hatukuwa tumelifikiria. Simu ni moja. Ikishika video haipigi muziki, au labda hupiga, mimi siwezi. Ya kaka ni ya vibonye. Nikabonyeza huku na huku mpaka yule dada akauliza kama kuna tatizo. Kaka, mkono kwenye reli, aliniangalia. Hakuwa na mzaha wowote usoni. Nilimwona anaogopa, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona anaogopa, hata siku ya kumzika mkewe.

"We are ready," nikasema. Nikashika simu kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia nikaanza kugonga reli ya chuma. Du, ta. Du, ta.

Akaanza kupanda, nami nyuma yake. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kuliko fidla zote alizowahi kuzipenda, na mkono ulitaka kuufuata. Kila ngazi ulitaka. Nikielekea kuharakisha, yeye ataharakisha, na nikimharakisha, ndiyo basi. Kwenye ya tisa nilisikia pumzi yake imekuwa nzito. Nikauma mdomo, nikagonga vile vile. Ya kumi na nne mguu wake ulichelewa kidogo, nikatamani kumngoja, sikumngoja. Cherehani haimngoji mtu. Mguu ukaja. Ya kumi na nane, machozi yananiingia ndani ya barakoa, siwezi kuyafuta kwa kuwa mikono yote ina kazi. Du, ta. Du, ta. Ya ishirini. Ya ishirini na moja.

Yule dada akasema maneno mengi mazuri, kwamba kaka atabaki nyumbani kwake, kwamba ataandika ripoti leo leo, bye bye, well done. Skrini ikazima. Mimi bado nilikuwa ngazi mbili chini, nagonga. Niliusikia mkono wangu ukigonga, nikauamuru uache, haukuacha.

Kaka akainama polepole, akauweka mkono wake juu ya wangu pale kwenye reli.

"Tumefika, mdogo wangu," akasema. "Pumzika."