Picha Tuliyoipeleka Kwenye Ilungu

Nilikuwa na miaka tisa hivi, Mwingereza akiwa bado anatutawala, baba yangu alipoanza kuwapiga picha ng'ombe wake. Alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi na kamera ya sanduku, nyeusi, yenye mkanda wa ngozi uliokatika na kufungwa kwa waya. Wenzake waliorudi na redio au baiskeli walimcheka. Yeye hakujali. Tulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na mbuzi wachache, shamba letu likiwa mwendo wa saa moja na nusu kutoka Sumbawanga mjini, ukipitia Kizwite, na baba aliazimia kila mnyama awe na picha yake. Alizibandika kwenye daftari la shule, na chini ya kila picha aliandika jina la mnyama, la mama yake, na msimu aliozaliwa. Watu wa kijijini walisema huyu askari sasa anafuga vivuli.

Bibi, mama yake baba, hakucheka wala hakukataza. Alisema jambo moja tu, siku ya kwanza alipoona sanduku lile likielekezwa zizini.

"Piga wote, mwanangu. Ila mwenye mimba umwache. Aliye tumboni kivuli chake bado hakijamshika. Ukikichukua, atakuja bila hicho."

"Mama, hii ni mashine," baba akamjibu. "Haichukui kitu. Inatazama tu."

"Na wewe umewahi kuona kitu kikitazamwa kikabaki kama kilivyokuwa?"

Baba alicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa mtoto wa baba.

Alikuwapo ng'ombe mmoja mwekundu tuliyemwita Mvua, ambaye baba alimpenda kuliko wote. Mwaka ule alikuwa na mimba kubwa. Asubuhi moja ya baridi, jua likiwa limetoka lakini upepo wa Ufipa ukiendelea kukata masikio, baba aliniambia leo mimi ndiye nitakayebonyeza. Alinisimamisha, akaniwekea sanduku kifuani, akanionyesha kidirisha ambamo ng'ombe alionekana mdogo kama mende. Mvua hakutulia. Mama akatoka jikoni akaja kumshika, akasimama nyuma yake na mkono mmoja mgongoni mwa ng'ombe. Mama naye alikuwa mjamzito, miezi saba. Baba alisema neno la mzaha ambalo silikumbuki, mama akacheka, na mimi nikabonyeza.

Bibi alikuwa anapepeta ulezi mlangoni pake. Niliona ungo ukisimama mikononi mwake.

Filamu ilipelekwa mjini kwa Mzee Nasoro, mwenye duka la nguo na chumvi, ambaye nyuma ya duka alikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Zilirudi baada ya wiki mbili. Picha nyingine zote zilikuwa nzuri. Ile ya Mvua ilikuwa na doa jeupe, kama mtu ameweka kiganja chenye unga juu ya karatasi. Doa lilianza kwenye tumbo la ng'ombe, likapanda, likaishia kwenye tumbo la mama. Uso wa mama ulikuwa safi kabisa. Alikuwa anacheka.

Baba aliibandika daftarini. Aliandika "Mvua". Jina la mama hakuandika.

Siku ya tano baada ya picha kurudi, Mvua alizaa kabla ya wakati. Niliwahi kuona ndama waliokufa, lakini huyu hakuwa kama wao. Hakuwa na unyoya hata mmoja. Alikuwa mweupe, laini, macho yamefumbwa kama ya mtu anayefikiri. Mvua hakumlamba. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa miti ya zizi, akasimama pale akitetemeka. Baba alimfukia ndama mwenyewe, na alfajiri iliyofuata akaondoka kwenda Chala kuangalia dume la ng'ombe aliloahidiwa. Nadhani alitaka tu kuwa mbali na macho ya mama yake.

Bibi hakusema "niliwaambia." Laiti angesema. Siku mbili alimwangalia mama anavyotembea. Siku ya tatu mama aliniita nimsaidie kuinua mtungi, kisha akauacha, akakaa chini.

"Yustina," akasema taratibu, "niitie bibi yako."

Bibi alikuja, akapiga magoti, akaweka sikio lake tumboni kwa mama. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi jioni hajacheza."

Bibi akainuka, akanitazama mimi. "Nani alikibonyeza kile kidude?"

"Mimi."

"Basi aliyekichukua kivuli ndiye atakayekirudisha."

Mama aliingia ndani akatoka na daftari la baba. Aliibandua picha taratibu kwa ukucha, akaitazama. Nyumbani kwetu hapakuwa na kioo. Sidhani kama mama alikuwa ameuona uso wake mara nyingi katika maisha yake. Aliitazama mpaka nikafikiri amebadili nia. Kisha akanipa. "Nendeni," akasema.

Lakini bibi alijua, sijui nani alimwambia, kwamba picha ina mama yake, ile filamu iliyobaki kwa Mzee Nasoro. Tukaenda mjini kwanza. Bibi hakujua Kiswahili, na Mzee Nasoro, ingawa aliishi nasi miaka mingi, Kifipa chake kilikuwa cha kuuzia chumvi tu. Ikabidi niwe mkalimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Baba hajambo?"

Bibi hakungoja salamu ziishe. Kwa Kifipa akasema, "Mwambie anipe mtoto wangu."

Nikasema, "Bibi anaomba ile filamu ya ng'ombe yenye doa."

Mzee Nasoro alitaka kukataa; filamu ni mali ya baba yako, alisema, aje mwenyewe. Ila alimtazama bibi usoni. Akaingia nyuma, akarudi na kibahasha. "Nilitaka kumwambia baba yako. Picha hii niliirudia mara mbili. Doa haliko kwenye karatasi. Liko humu."

Akainyanyua kuelekea mlangoni ili nione. Kila kitu kilikuwa kimegeuka. Mama alikuwa mweupe, na meno yake yanayocheka yalikuwa meusi. Mbingu juu yake ilikuwa ya usiku. Na pale tumboni, lile doa sasa lilikuwa jeusi tititi, kama tundu.

Tulifika kwenye ilungu saa sita mchana. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma katika matanuri hayo ya udongo, marefu kumshinda mtu, na babu yangu alikuwa fundi wao. Tangu chuma cha dukani kije, yalibaki yamesimama peke yake kwenye nyika, yamezingirwa na majani, na sisi watoto tulikatazwa kuyakaribia. Wazee walisema ilungu si jiko. Ni mwanamke, mafundi humpamba kama bibi arusi, naye huzaa chuma. Lile la babu lilikuwa halijawashwa tangu kabla sijazaliwa. Upepo ulipopita kwenye matundu yake lilitoa sauti ya chini, ya kupanda na kushuka, kama mtu aliyelala usingizi mzito.

Bibi alivua viatu, nami sikuwa navyo. Akazungumza na ilungu kwa Kifipa cha kale ambacho nusu yake sikukielewa. Nilisikia jina la babu. Nilisikia "mzazi mwenzangu." Kisha akanionyesha tundu moja chini, pana kama mdomo wa chungu.

"Ingiza mkono. Usitupe. Ngoja vipokelewe."

Niliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, picha na filamu zikiwa kati ya vidole. Nilitarajia baridi. Ndani mlikuwa na joto, joto la zizi asubuhi, la pumzi ya mnyama. Nikataka kutoa mkono, bibi akanishika bega. Ndipo nilipohisi picha ikivutwa. Haikunyakuliwa. Ilivutwa polepole, kama mtoto anavyovuta nguo ya mama yake, ikapita kwenye vidole vyangu ikaisha, na filamu ikafuata. Ile sauti ya kuhema ikakoma. Upepo bado ulikuwa unalaza majani pande zote, lakini ilungu lilikuwa kimya.

Tukarudi nyumbani. Tulimkuta mama amekaa kwenye jiwe la kusagia, viganja vyote viwili tumboni, machozi yanamtiririka.

"Amecheza," akasema.

Baba aliporudi nilimweleza yote. Hakunipiga. Alikwenda kwenye ilungu, akaingiza mkono hadi begani katika kila tundu, na mwisho akapanda juu akatazama ndani. Alirudi na majivu mpaka shingoni, hana kitu. Kamera akaitundika ukutani, na daftari halikuongezewa picha tena.

Mdogo wangu Kristofa alizaliwa mzima, na ni mzima hadi leo, mzee mwenye wajukuu. Mama alifariki kwa kichomi Kristofa akiwa na miaka minne.

Nimekwisha kuambiwa sababu zote. Bwana mifugo alisema mwaka ule ugonjwa wa kutupa mimba ulipita mazizi mengi. Najua pia kwamba tanuri refu namna ile huvuta hewa lenyewe. Ndivyo mafundi walivyolijenga. Na lile doa nalijua kuliko mtu yeyote. Jioni ya kuamkia siku ile ya kumpiga Mvua picha nilikifungua kimlango cha nyuma cha kamera, kidogo tu, nione ng'ombe wamewekwa wapi humo ndani. Sikuona kitu, nikafunga. Niliogopa kiboko cha baba, sikukitaja kimlango wakati bibi aliponiuliza, nikanyamaza wakati mama alipoibandua picha. Nimenyamaza mpaka wote watatu wamezikwa.

Ningesema, ingekuwa picha iliyoungua kwa mwanga tu, na leo ningekuwa na uso wa mama yangu. Hilo nalijua. Lakini joto lile ndani ya ilungu, na ule mvuto, sina wa kunieleza, na siwezi kumtazama Kristofa nikasema kwa moyo mweupe kwamba angekuwapo hata kama ningesema.

Huwa ananiuliza mama alikuwaje. Namwambia: mrefu, shingo ya madaha, akicheka hufumba macho. Hunisikiliza kama anayesomewa barua. Juzi kaniuliza tena, nikamweleza, akasema, "Dada, zamani uliniambia alikuwa mfupi." Nikamwambia amesikia vibaya, nikainuka kwenda kuangalia chai.