Kanuni Iliyotoka Seoul

Mama mkwe wangu, Ko Malsun, ana miaka sabini na mmoja, na bado anazamia konokono wa baharini na pweza bila mtungi wa hewa, kama wafanyavyo wazamiaji wote wa kisiwa chetu cha Jeju. Ushirika ulipowagawia saa za mkononi, yeye aliinusa yake kwanza kama samaki wa jana, ndipo akaivaa.

Saa hiyo inasikiliza moyo. Mapigo yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, inaita boti ya uokoaji. Ikiita mara tatu, mwenyewe anazuiwa kuzama msimu mzima. Wiki ile boti ilikuwa imemfuata Mama mara mbili. Wenzake haikuwafuata hata mara moja.

Alhamisi nilimpelekea supu ya mwani, mwanangu Yewon nikiwa nimembeba mgongoni. Nilimkuta na wenzake ndani ya ukuta wa mawe, pale wanapobadilishia nguo na kuota moto.

"Dada Malsun, sema tu ukweli," Yang Geumhwa, mkuu wao, alikuwa akimchokoza. "Umempenda nahodha wa boti."

"Nimpendee nini, meno?"

Wakacheka. Mama hakucheka. Akanigeukia.

"Mama Yewon, mwenye kuchezea simu ni wewe. Hii saa umeiambia nini?"

"Sijaigusa, Mama."

"Mbona inanishtaki mimi tu?"

Nikachukua simu yake, nikafungua programu ya saa za ushirika. Wenzake wote kiwango chao kilikuwa arobaini na tano. Chake, sitini. Na nani asiyejua kwamba ukibana pumzi chini ya maji, moyo unapunguza mwendo? Chini yake palikuwa pameandikwa: kimewekwa na familia. Jina la mume wangu, Kyungho. Tarehe ni ile ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, alipokuja kutoka kazini kwake Seoul akajitolea kumfunga mama yake saa. Nikakumbuka alivyoniambia akiondoka, "Mama atapumzika karibuni, utaona."

Ningeweza kunyamaza. Nikasoma kwa sauti.

"Kyungho?" Mama aliuliza polepole. "Huyu niliyezama na mimba yake?"

"Mambo ya bahari yanaamuliwa hapa penye moto," Geumhwa akasema. "Kiwango tunakirudisha arobaini na tano. Lakini, dada, Jumatatu ulitoka majini na midomo ya zambarau. Wote tuliona. Utahamia maji ya mabibi."

Ni ile sehemu ya kina kifupi waliyoachiwa wazee, wenye nguvu hawaruhusiwi kuzama humo.

"Kule kwa vitoto vya kaa!"

"Kule kule. Au unataka boti ya tatu?"

Mama akachokoa moto, akauchokoa tena. "Haya," akasema. "Na neno la siri libadilishwe. Ataliandika Geumhwa."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe unalala na Kyungho."

Wanawake wakaangua kicheko. Nikageukia ukutani na mtoto wangu mgongoni, nikakaa hivyo mpaka walipomaliza kunong'onezana wakiinamia simu.