Skrubu Nane

Nilikuwa fundi mzuri. Naanza na hilo kwa sababu yatakayofuata yatakufanya uone vingine, na mimi sipendi kudharauliwa kabla sijamaliza kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilifanya kazi katika karakana ya shamba moja la mkonge nyuma ya mji wa Bagamoyo. Kwetu ni Kaole, na kila alfajiri nilipanda baiskeli kwenda kazini nikiwa na mihogo ya kuchemsha na kipande cha samaki ndani ya kitambaa. Mihogo hiyo niliila mara chache. Dereva wa trekta la kulimia alikuwa Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: tulikuwa watani. Akifika karakana anafungua kitambaa changu, anakula, anajifuta mdomo kwa shati langu lililotundikwa ukutani, kisha ananiambia mke wangu hajui kutia chumvi. Sikuwa na haki ya kukasirika. Nami nilimwambia mbele za watu kwamba babu zake walikuja pwani na mizigo kichwani wakasahau kuitua. Watu walicheka, na yeye alicheka kuliko wote.

Siku moja alinijia mbio, jasho linamtoka, akaniapia haki ya Mungu kwamba meneja ananiita nyumbani kwake sasa hivi. Nikaenda vile vile nilivyo, grisi mpaka viwikoni, nikapiga hodi barazani. Meneja alikuwa anakunywa chai na wageni wake. Hakuwa ameniita. Niliporudi nilikuta karakana nzima wameshika mbavu. Nilicheka nao, lakini moyoni niliapa kwamba mtu huyu sitamwamini tena hata akiniambia jua limechomoza.

Halafu trekta likachemka. Mtu mmoja alisahau kulitia maji, na hakuna aliyekubali kuwa ndiye. Kichwa cha injini, kile kipande kizito cha chuma kinachofunika silinda kwa juu, kilipinda, maji yakaanza kuvuja. Kikapelekwa Dar es Salaam kwa lori ili kichongwe upya kwa mashine. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia, shamba jipya halijalimwa, na meneja alitukusanya akatuambia kwamba atakayeliharibu trekta hili mara ya pili ataondoka kambini siku inayofuata na vyombo vyake. Mimi maneno hayo yaliniuma sikioni tu. Nikifukuzwa, nyumba ya mama yangu ipo Kaole, na minazi ipo. Mtani wangu alikuwa na chumba kimoja cha kambi, mke, na mtoto wa miezi miwili. Kwao ni Tabora.

Kichwa kilirudi kinang'aa kama sinia jipya. Nilikipitishia kiganja, nikakisifu. Nilichopaswa kufanya baada ya hapo nilikijua, maana nilikuwa nimefundishwa, na sisingizii ujinga. Injini inapumua kwa valvu, na valvu hufunguliwa na vijiti vya chuma vinavyosukuma kutoka chini. Juu ya kila kijiti pana skrubu ndogo, na kwa skrubu hiyo unaacha nafasi nyembamba, unene wa karatasi nzito, ili valvu ipate kufunga vizuri. Sasa kichwa kikichongwa kinakuwa chembamba, kwa hiyo kinashuka. Vijiti havijapungua urefu. Ile nafasi inakwisha, valvu zinabaki wazi, na zinashuka karibu zaidi na pistoni. Ndiyo maana fundi hulegeza skrubu zote kwanza, akafunga kichwa, kisha akazipima upya moja moja.

Skrubu zilikuwa nane, na mimi sikulegeza hata moja. Nilikuwa nimezipima mwenyewe kabla ya kuifungua injini, kwa mkono wangu, zikawa sawasawa. Nikajiambia: kichwa ni kile kile, vijiti ni vile vile, nipime nini tena? Kile ambacho mashine ya Dar es Salaam ilikwangua hakikuniingia akilini kabisa. Nikakaza boliti zote, nikafunika, nikapangusa mikono.

Mtani wangu akashika hendeli ya kuwashia. Akazungusha mara mbili, akaacha.

"Mtani, hendeli nyepesi mno. Injini hii haina pumzi."

"Wewe ndiye huna pumzi," nikamjibu, "umeshiba mihogo ya watu."

Watu wakacheka. Yeye akazungusha tena, taratibu, ameinamisha sikio.

"Kuna mtu anabisha hodi humu ndani."

"Mwambie karibu!"

Karakana ikalipuka kwa kicheko, na nakumbuka nilivyofurahi kwa kumpata vile. Akaniambia leo hatanii. Akasema, "Haki ya Mungu, njoo uweke mkono wako hapa usikie." Haki ya Mungu ile ile ya barazani kwa meneja! Sikwenda. Zilikuwa hatua nne tu, nami sikwenda. Niliagiza lori lifungwe mnyororo, livute trekta mpaka injini ishike. Akapanda kitini, akanitazama mara moja. Nikampungia mkono aende zake.

Lori lilivuta. Injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mbili. Kisha ukatoka mlio ambao sijausikia tena maishani, mlio wa chuma kinachovunjika ndani ya chuma, ukifuatwa na sauti ya kusagika, halafu kimya. Moshi mweupe ukatanda juu ya boneti. Nilifunua kifuniko, nikaona vijiti viwili vimepinda na valvu moja imezama pasipo pake. Nilielewa hapo hapo. Nilizitazama skrubu zangu nane, na kila moja ilikuwa pale pale nilipoiacha.

Meneja alisikia mlio akaja kwa miguu, haraka, bila kofia.

"Nani kafanya hivi?"

Naapa nilifungua kinywa ili niseme ni mimi. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, nami niliisikiliza kama wengine walivyoisikiliza. "Dereva," ilisema. "Alivuta mafuta mengi kabla sijampa ruhusa."

Nilishtuka kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Nilimgeukia mtani wangu nikitarajia atanirukia, na ningemshukuru. Alikuwa anatabasamu. Alidhani ninatania. Alisimama pale kando ya trekta, tabasamu limeanza upande mmoja wa mdomo, ananingoja nimalizie, kwa kuwa kati yetu uongo wote ulikuwa na mwisho wa kuchekesha. Alingoja. Meneja alikuwa ameanza kufoka, na yeye bado ananitazama mimi, anangoja. Kisha nikaliona tabasamu likiondoka, na sitaki kueleza zaidi jinsi lilivyoondoka.

Hakujitetea. Sijui kwa nini, na nimejiuliza sana. Labda aliona meneja angemwamini fundi. Labda hakuamini mpaka dakika ya mwisho kwamba sitasema neno jingine. Mafundi wenzangu waliangalia chini; walimsikia akinionya, wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Siwalaumu. Wangeanzaje wao kusema nilichokinyamazia mimi? Nikajipa moyo kwamba nitakwenda kwa meneja jioni. Jioni nikasema kesho. Nilikuwa na hoja nyingi, na zote nilizipanga vizuri kuliko nilivyozipanga zile valvu.

Asubuhi nilikuwa nimeinama juu ya injini, nikilegeza zile skrubu ambazo sasa hazikuwa na faida kwa mtu, niliposikia miguu mlangoni. Alikuwa ameshika sanduku la bati na mkeka uliokunjwa. Mkewe alisimama nyuma yake barabarani, mtoto mgongoni. Mihogo yangu ilikuwa mezani ndani ya kitambaa, karibu kabisa na mkono wake, naye hakuitazama.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, mimi na mama yangu na Kaole nzima, anitupie spana. Tulikuwa rika moja, sote tumezaliwa mwaka mmoja kwa hesabu zetu. Aliweka sanduku chini, akainamisha kichwa kama mtu anavyowainamia wakubwa zake.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia, "Marahaba."