Ngoeko za Zimamoto wa Malindi

Mama hajalala vizuri tangu kaka yangu Katana aajiriwe kuwa zimamoto Malindi. Hapa kwetu Kibarani nyumba za makuti zimebanana, na moto tunaujua. Juzi akanishika mkono jikoni. "Kadzo, nenda ukaone anapofanya kazi. Wewe husemi sana, lakini husemi uongo. Ukiniambia si salama, namwita arudi nyumbani."

Neno langu limwachishe kaka kazi! Mimi ambaye nikiulizwa jina darasani huinama nikakijibu kiatu changu.

Kesho yake asubuhi niliondoka na mjomba kwa pikapu yake ya nazi. Karibu na Gede mtu alikuwa akichoma taka kando ya barabara. Moshi ulipoingia, nilifunga kioo kwa pupa hata mjomba akacheka. "Na huko uendako je?"

Malindi tulifika jua likiwa kali. Katana alinipokea kwenye lango la kituo, amevaa mabuti yanayomzidi. Alikuwa na Bi Salama, dereva wa gari la zimamoto.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Katana, huyu ndiye mkaguzi wetu? Mbona anakagua mchanga tu?"

Nikazidi kuinama. Akanivuta hadi uani, kwenye mkokoteni wa pampu wenye kutu ambao kuku walikuwa wametagia ndani yake.

"Baba yangu alisukuma huu," akasema. "Kituo cha kwanza kilikuwa banda la mabati nyuma ya soko. Pampu ya mkono, magurudumu mabovu, wanafika majivu yamepoa! Cha pili kikajengwa karibu na bahari, gari lichote maji pale pale. Chumvi ikaila pampu. Ndipo tukahamia hapa."

"Sasa mitaa ilipona vipi?" Nilijishangaa kuuliza.

Akagonga miti mirefu iliyofungwa ubavuni mwa gari lake pale uani. Zilikuwa ngoeko, kama zetu za kuangulia maembe, ila kulabu zake za chuma. "Kwa hizi. Makuti yakishika moto, hayazimiki. Unakimbilia nyumba ya pili, ambayo haijaungua, unaiezua paa. Moto unakosa njia. Vituo vimehama, ngoeko zimehama navyo."

Kengele ikalia. "Baki hapa!" Katana akaniambia, na gari likatoka. Moshi ulikuwa mtaa wa nyuma tu. Niliogopa kwenda, nikaogopa zaidi kubaki. Nikakimbia.

Nyumba moja ilikuwa inawaka yote. Wenzake Katana waliielekezea maji, lakini yeye alikuwa anapanda ya jirani, na mwenye nyumba hiyo amemng'ang'ania buti.

"Nyumba yangu haiungui! Wanibomolea nini, mwanaharamu wee?"

"Niache, mama, itaungua!"

Akajinasua, akaanza kuvuta makuti kwa ngoeko. Cheche zilimwangukia mabegani. Upepo ukageuka, moshi ukamfunika, nisimwone tena. Nilitaka kumwita. Sauti haikutoka. Nilisikia ngoeko tu ikikwaruza makuti, nikajiambia maadamu inakwaruza yu hai.

Ikanyamaza.

Sijui nilisimama vile muda gani. Kisha akatokea upande wa pili akikohoa, nyusi zimeungua. Moto ulifika kwenye ile nyumba isiyo na paa, ukakosa cha kula. Yule mama alikiona kitanda chake kizima chini ya mbingu tupu, akamtukana Katana, akamletea maji ya kunywa, akaendelea kumtukana.

Wakati wa kuagana Katana aliniuliza, "Utamwambia nini mama?" Nikatazama mabuti yake. Hakunibembeleza.

Jioni mama alinipokea mlangoni. "Yuko salama?"

"La, mama."

Nikamweleza yote, hata nyusi, hata ngoeko iliponyamaza. Akachukua simu, akatafuta namba ya Katana.

"Usimwite!" Nilipiga kelele, mimi. "Asingepanda, zingeungua nyumba zote za nyuma yake. Mama, na sisi ni nyumba ya jirani."

Mama akatazama makuti yetu yanavyogusana na ya jirani. Akaiweka simu chini, akatoka.

Safari hii haikuniondolea woga. Naandika haya na masikio yangu yako juu, kwenye makuti. Lakini nimejua kwamba kuogopa na kusema vyaweza kukaa kinywa kimoja.

Mama aliporudi alikuwa ameibeba ngoeko yetu kutoka uani. Aliiegemeza kando ya mlango wa mbele, upande wa jirani. Mwembe wetu hauko upande huo.