Jiko Langu Halipandi Gari

Mnanichosha. Kila anayesimama dirishani kwangu kununua pipi anataka nimsimulie siku mwanangu alipokuja na gari kunihamisha, na kila mmoja ameshapewa hadithi yake huko alikotoka. Huyu kasikia nililia. Yule kasikia nilimrushia mwanangu sufuria. Sikulia, na sufuria zangu ni za kazi, si za kurushwa. Mjukuu wangu, ambaye namwita mke mwenzangu kwa sababu marehemu babu yake alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, ndiye aliyeniletea kalamu. "Bibi, andika mwenyewe," akasema, "hawa wanakuongezea chumvi." Haya. Herufi zangu zinakwenda kama kuku aliyefungwa mguu, lakini zinafika. Someni, kisha mniache nipike.

Ninakaa vyumba viwili, ukuta mmoja na fundi cherehani. Chumba cha mbele kina dirisha linalotazama njia, na dirisha hilo ndilo duka langu. Ninauza pipi ninazopika mwenyewe. Sizungumzii zile za kiwandani, zenye rangi za kanga mpya na ladha ya sabuni. Zangu ni za ndimu na chumvi, kama tulivyokuwa tukilamba nyuma ya mlango mama asituone. Nyingine ni za ukwaju na pilipili, unalia machozi huku umenyoosha mkono uongezwe. Nyingine za tangawizi kali, ile ya dawa ya kikohozi, tuliyokuwa tukijikoholesha makusudi ili tupewe.

Mama yangu alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Pasi ikishamaliza kazi, makaa yaliyobaki tumboni mwake hakuyatupa. Aliyamwaga jikoni, akabandika sukari. Pipi zake alizifinyanga kwa umbo la vitu ambavyo hakuwa na uwezo wa kutununulia. Viatu. Saa ya mkononi. Baiskeli. Ukilia kutaka baiskeli, unapewa baiskeli, unaila, kilio kinakwisha. Mimi nimekula baiskeli nyingi kuliko mtu yeyote mtaani hapa.

Mimi nimeendeleza kwa njia yangu. Nafinyanga pua ya mwenye nyumba, ambayo wote mnaijua. Nafinyanga sikio la mwalimu mkuu, na jino bovu, na ufunguo wa mlango usiofunguka. Watoto wa shule wanapenda kuing'ata pua ya mwenye nyumba wakipita mbele yake. Mwenyewe alikuja siku moja kulalamika. Nikampa moja, akaila, akasema pua yake si kubwa hivyo, akaomba nyingine.

Sasa sikilizeni namna inavyopikwa, maana ugomvi wote ulitokea hapo. Sukari ikishaanza kuchemka na kubadilika rangi, huwezi kujua imefikia wapi kwa kuitazama. Mama aliweka bakuli la maji baridi kando ya jiko. Unachovya vidole kwenye maji, unachovya haraka kwenye sukari inayochemka, unafinya kidogo, unarudi kwenye maji. Yale maji yaliyobaki kwenye vidole ndiyo kinga yako, lakini hayakungojei, ukizubaa umeungua. Kile ulichofinya ukikiona kinanyooka kama ulimbo, bado. Kikivunjika kama kioo, epua. Mama alipima hivyo, nami nimepima hivyo tangu nikiwa msichana, na vidole vyangu vilikuwa vizima kama vyenu.

Mwanangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya njia hii ni kazi yake. Siku aliponikuta nikichovya vidole, yule anayecheza na moto kutwa nzima, alipiga yowe. Akarudi kesho yake na glavu zile anazofanyia kazi, mpya, za ngozi nene, zinafika karibu na kiwiko, mdomo wake mpana kama mdomo wa kikapu.

"Mama, hizi moto haupiti," akasema. "Mimi nimezikabidhi uhai wangu."

Alikuwa na furaha kama mtu aliyenijengea nyumba. Ningemwambia nini? Nikazivaa.

Basi siku moja ninamimina sukari kwenye jiwe, mkono umevaa ile ngozi kama gogo, sisikii mpini uko wapi. Sufuria ikapinduka. Moto haukupita kwenye ngozi, mwanangu hakusema uongo. Uliingia mlangoni, kwa ule mdomo mpana, ukateremka hadi vidoleni ukakaa humo. Glavu haivuliki, sukari imeshagandia. Fundi cherehani aliruka kutoka kwake na mkasi mkubwa wa vitambaa, akaichana glavu mkononi mwangu, akanitumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya watu waliokuwa wakiosha vyombo. Nikamwambia, "Ulichokiona kifungie ndani." Ni mtu mzima, akafunga.

Zahanati mwanangu akaniuliza, "Glavu ulivaa?" Nikatazama ukuta. Mtoto amekupa kilicho bora alichonacho, umwambie ndicho kilichokuunguza, kisha ale chakula chake kwa amani? Akautafsiri ukimya wangu anavyotaka.

"Umeanza kusahau, mama," akasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa.

Nilinyamaza, na kwa kunyamaza huko nikakaribia kupoteza nyumba yangu. Kabla bendeji haijatoka, akaja na gari la kubebea mizigo la rafiki yake, yeye na mkewe na mke mwenzangu. Hakubisha hodi hata. Kufumba na kufumbua, jiko langu lilikuwa limeshafungwa waya na kupandishwa nyuma ya gari pamoja na jiwe langu la kumwagia. Mkwe wangu alikuwa ndani anakunja kanga zangu.

"Chumba chako kipo tayari, mama," mwanangu akasema. "Kina dirisha zuri."

"Linatazama wapi?"

"Uani."

"Uani kuna nani wa kununua pipi, kuku?"

"Pipi zimekwisha, mama. Utapumzika."

"Nimekuomba mapumziko lini? Shusha jiko."

"Jiko haliendi kwetu, naliuza chuma chakavu. Wewe ndiye unayekwenda kwetu."

Hapo nikajua kwamba hatuzungumzii mkono wala chumba. Nikipanda gari lile, ladha zile zimekwisha, maana hakuna mwingine anayezijua, na mimi nitakuwa kikongwe wa uani anayeulizwa kama amekunywa dawa. Nikakaa kizingitini. Nikautanua mguu huu na mguu huu, mlango ukajaa.

"Nibebe," nikamwambia. "Umezoea kubeba mageti. Nibebe mtaa uone."

Mtaa ulikuwa umeshaanza kuona. Fundi cherehani alisimamisha cherehani yake.

"Mama, usinitie aibu," mwanangu akasema kwa sauti ya chini. "Nakuhamisha kwa sababu unasahau. Nilikupa glavu, ukasahau kuzivaa, angalia mkono wako."

Nilikuwa nimeamua kufa na siri ile, lakini si kufia uani. Nikamwambia mke mwenzangu, "Ingia uvunguni mwa kitanda changu, nyuma ya ndoo, niletee utakachokikuta."

Akarudi na ile glavu iliyochanwa. Ndani yake sukari ilikuwa imeganda, ya kahawia, umbo la vidole vyangu vitatu limebaki humo. Mwanangu akaipokea. Akaigonga kwenye nguzo ya mlango, ikalia kama jiwe. Akachungulia ndani, akaupima ule mdomo kwa kiganja chake. Mtu wa kazi haelezwi mara mbili.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Sukari ndiyo iliyoniunguza. Wewe ulinipa glavu za kazi ya chuma, mimi napika pipi."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukuuliza tena? Uliuliza mara moja, ukajijibu."

Akaigeuza glavu mkononi. Nikadhani nimeshinda, kumbe nimemzaa mkaidi kama mimi. "Hata hivyo," akasema, "mkono wenyewe ndio huo. Utapikaje?"

"Kwa huu mwingine. Shusha jiko uone."

"Na usipoweza?"

"Nikishindwa, napanda gari mwenyewe, na sitaulizwa mara ya pili."

Mkwe wangu akatoka ndani na kanga yangu mkononi. "Mama, usijifunge hivyo," akasema. Ni mwanamke mwema, tatizo lake anakunja nguo za watu bila kuulizwa. Nikamuuliza, "Wewe ulipokuwa mdogo, ulikuwa ukipigania nini jikoni?"

Alidhani namtania. Kisha akasema, "Ukoko wa maziwa. Yakiungua chini ya sufuria, tulikuwa tunagombea kijiko."

"Basi leo tunapika wa kwako."

Jiko na jiwe vikashuka, jiko likawashwa palepale mbele ya mlango. Nilipika kwa mkono wa kushoto. Niliacha maziwa yashike chini makusudi, fundi cherehani akapiga kelele kwamba yanaungua, nikamwambia ashone. Nikaukwangua ule ukoko nikauweka kando, nikabandika sukari. Mke mwenzangu akanishikia bakuli la maji. Mwanangu alisimama juu yangu kama askari wa zamu. Sukari ilipobadilika rangi nikachovya kwenye maji, nikachovya kwenye sukari, nikarudi kwenye maji. Ikanyooka. Bado. Nikangoja, nikarudia. Mkono wa kushoto ni mgeni wa kazi hii, sitawaficha, lakini kilichotoka kilivunjika kama kioo. Nikaepua, nikauchanganya ukoko, nikamimina kwenye jiwe lililopakwa mafuta, tone halikwenda kombo. Ilipoanza kushikika nikaikata kwa mkasi na kuifinyanga, nikatoa pua. Si ya mwenye nyumba. Ilikuwa pua ya mwanangu, na kile kikovu chake cha cheche.

Mkwe wangu akaitia mdomoni. Akafunga macho, akaanza kucheka peke yake, kisha akaenda ndani, na nilisikia kanga zangu zikirudishwa sandukuni.

"Na wewe unachukua upande wake?" mumewe akamuuliza.

"Mimi nakula," akajibu kutoka ndani. "Rudisha jiwe la watu ndani, uliweke mahali pake."

Mke mwenzangu alicheka hadi akaketi chini. Mwanangu akabaki amesimama. Nikamsogezea bakuli la maji. "Chovya," nikasema. "Sufuria bado iko jikoni, ina mabaki ya sukari ya moto. Ujue unachonikataza."

Alichovya kwenye maji, akasita, akachovya tena kwenye maji. Mtu mzima, fundi, mikono imejaa alama za moto. Mara ya tatu akaenda, akafinya, akarudi. Akakitazama kidole chake kizima kama amekiokota njiani.

Sikupata kila kitu, msidhani. Kidole changu kidogo cha kulia hakinyooki tena na hakitanyooka. Na mwanangu hakuondoka mpaka nilipokubali mke mwenzangu alale chumba cha pili, anitazame. Anakoroma huyo mtoto, mtafikiri ni mume kweli. Lakini asubuhi anashika mwiko, na ya ukwaju anaiweza kunishinda, jambo ambalo sitamwambia.

Basi ndiyo hiyo. Sasa ni zamu yenu, mliokuwa mkinisumbua. Kaa chini wewe unayesoma, ukumbuke kitu ulichokuwa ukigombea jikoni kwenu, uje unieleze hapa dirishani. Usije ukaniambia kilikuwa kitamu, kila kitu kilikuwa kitamu. Nieleze kilinata wapi mdomoni, kilinuka nini, na nani alikunyang'anya. Ukija na ndimu zako itakuwa vizuri zaidi, za kwangu zimebaki chache.