Nilivyomchora shangazi katuni mbele ya jumuiya nzima, hadi leo naona aibu

Wakuu, heshima kwenu wote humu, na wakubwa zangu shikamooni.

Kisa hiki hakina chumvi. Kingekuwa cha kutunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Ni miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa wamejaa Mbinga, kila mwenye chochote anafungua biashara. Mmoja wao akaweka internet cafe, kompyuta nne. Mimi natoka Mkumbi na baiskeli kila siku ya gulio, nyumbani nimeaga naenda kutafuta ajira mtandaoni.

Ajira yenyewe sikuitafuta hata siku moja.

Nilikuwa nafuata katuni za kujifunzia kuchora. Zile hadithi za picha unazobofya mwenyewe: jamaa anatokea hana kichwa, anakuomba umchoree duara. Ukipatia, anapata kichwa na hadithi inasonga. Ukiboronga, anabaki kasimama anakusubiri. Na intaneti ya kipindi kile mnaijua, picha inafunguka umeshasahau ulibofya nini.

Nikirudi nyumbani narudia yote kwenye daftari.

Funzo moja ndilo lililonimaliza. Lilisema ukitaka watu wamtambue mtu, chagua kitu kimoja kwake, kikuze, vingine usihangaike navyo. Nikaona hapa ndipo penyewe.

Basi jumuiya yetu ya kanisani, zile kaya jirani zinazosali pamoja kila wiki, ikapewa kazi ya kupamba ukumbi wa kigango kwa sikukuu ya mtakatifu wetu. Nikajitolea kuchora wanajumuiya wote kwenye karatasi moja kubwa, bila majina, kila mtu ajitafute.

Katekista nikampa masikio. Mwenyekiti nikampa kofia inayomfunika hadi puani.

Halafu Shangazi Filomena, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki mimi nikiwa na miaka minne. Yeye alikuwa na rovu, ule uvimbe wa shingoni ambao wazee wengi wa huku milimani wanao. Nikalichora kubwa kuliko kichwa.

Sikuwa na nia mbaya. Niliona limetoka vizuri, nikajisifu.

Siku yenyewe watu walivunjika mbavu. Wengine ilibidi wajitafute. Kwa shangazi mtu mmoja alinyoosha kidole tu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka kidogo, akasema kijana kaweza kweli. Mimi nikazidi kujiona.

Jumapili iliyofuata akaja kanisani kajifunga kitambaa shingoni, jua linawaka. Sala ya jumuiya wiki ile hakuja. Ya pili hakuja. Na huyu ndiye aliyekuwa anatuanzishia nyimbo.

Nikamfuata kwake, maana siku hizo sikai naye tena. Nikamkuta uani peke yake anachambua kahawa, kitambaa bado kipo. Nikaanza kujitetea, eti ndio mtindo wa katuni, eti hata katekista nimemkuza masikio. Akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu:

"Mwanangu, shingo yangu naijua, naiosha kila siku. Nilitaka kujua tu, miaka yote tumekaa wote, wewe ukiniangalia unaona hiyo peke yake?"

Nikaomba radhi, nikaahidi kumchora upya, safari hii kwa heshima.

Wakuu, nilifika nyumbani nikashika penseli, sikujua macho yake yakoje. Pua sikuijua. Kila nikijaribu inatoka shingo tu. Mtu aliyenibeba mgongoni, sura yake sikuwa nayo kichwani.

Aibu niliyoiona pale, nikiwa peke yangu chumbani, ilizidi ya mbele za watu.

Kesho yake nikarudi, nikamweleza ukweli huo, nikaomba nikae nimwangalie. Akanisogezea kigoda, akaendelea na kahawa zake. Kitambaa hakukifungua, na mimi sikuthubutu kumwomba.

Nilichojifunza ni kwamba kumfanya mtu atambulike ni kazi ndogo sana, kumwona ndiyo kazi. Mnaochora humu, na mliowahi kuchekesha watu kwa kumuumiza wa kwenu, mlirekebishaje? Hata mkinisema vibaya nitasoma yote.

Mchoro wa pili aliupokea, akautundika ukutani. Kitambaa alikivaa mpaka tunamzika.