Kolumbaini la Newala

Juzi, nilipokuwa kwenye foleni ya dirisha la zahanati ya misheni hapa Newala, mama mmoja mbele yangu alimkabili muuguzi wa Kizungu aliyempa mbegu za maua yaitwayo kolumbaini.

"Shikamoo, Sista. Ua lako limeota majani matupu, na linamaliza maji ninayoteka bondeni. Watoto wanalala bila kuoga."

"Marahaba. Linangoja baridi ya Ulaya ndipo lichanue."

"Itafika lini huku?"

Sista akajikuna shavu. "Haifiki."

"Basi nikiliacha life, nitakuwa nimedharau zawadi yako?"

"Zawadi gani, mama? Langu nililing'oa zamani!"

Mama akanitazama, nami nikatazama kofia yangu mkononi.

Jioni nilipita kwake. Alikuwa akiwaogesha watoto juu ya kolumbaini lile, maji yakiishia kwenye mizizi yake. Analitunza kwa ajili ya nani sasa, sijaelewa.